Ombi la Kutambuliwa Kuwa Kitambaa

Mwl. Osea Simwinga (Mstaafu),
Sogea,
Tunduma.
14 Machi

Mama Ketrina,
Mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama,
Kundi la Mablanketi ya Viraka,
Tunduma.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA VITAMBAA VYA KUNDI, PAMOJA NA OMBI LA MIMI MWENYEWE KUTAMBULIWA KUWA KITAMBAA

Mama Mwenyekiti, amani iwe kwako na kwa wote wa nyumbani kwako.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi niliyetajwa hapo juu ni mwalimu wa Kiswahili mstaafu, mzee wa kanisa kwa vipindi viwili, na mume halali wa Loisi Namkonda kwa miaka thelathini na minne. Sijawahi kuandika barua ya malalamiko dhidi ya kitu kilichomo ndani ya nyumba yangu. Niliwahi kuandika dhidi ya mbuzi wa jirani, lakini mbuzi yule alikuwa nje, na ushahidi ulikuwepo. Leo naandika dhidi ya vitambaa mia mbili na kumi na viwili vya kundi lenu, vilivyoingia kwangu kwa jina la wageni na sasa ndivyo wenye nyumba.

Kabla sijaenda mbali niweke wazi jambo moja, lisije likaniletea maneno baadaye. Barua hii inaandikwa kwa mkono wa Loisi mwenyewe. Kama mjuavyo, wiki tano zilizopita nilitolewa mtoto wa jicho kule Mbeya, jicho la kulia, na hili la kushoto tangu zamani hunionyesha watu wawili palipo na mmoja. Herufi sizioni. Kwa hiyo mimi natamka, yeye anaandika. Wapo watakaosema si akili kumkabidhi mshtakiwa kalamu. Mimi nasema, kwanza, hakuna mwenye mwandiko mzuri kumzidi mtaa huu wote. Na pili, mimi si mtu wa kusengenya. Ninalotaka kulisema juu ya mke wangu nalisema mbele yake. Nimemwapisha asiongeze neno wala asipunguze. (Mwandishi anauliza kama "mshtakiwa" ni neno langu. Ni langu. Libaki.)

Chanzo cha yote ni semina yenu ya kutunza vitambaa. Nakiri kwamba vitambaa vilihitaji matunzo. Mwaka jana vilikuwa stoo ya kanisa, vimefungwa kwenye mifuko ya nailoni na kulazwa juu ya sakafu ya saruji, na mlipovifungua ili mshone mablanketi ya wazee wa Mbozi wanaopigwa na baridi, mkakuta ukungu, madoa ya kutu, na panya aliyezalia ndani ya sare ya harusi ya watu. Vitenge vya misiba na vya harusi vya miaka ishirini vikatupwa. Kile tulichovaa kumzika mama yangu kilikuwa humo. Niliumia sana.

Ndipo mkamchagua Loisi awe mtunza vitambaa, mkamwita Bana Chanda kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, yaani Mama Chanda kwa lugha yetu, fundi aliyeshona viraka maisha yake yote, akafundisha siku mbili. Loisi alirudi na daftari limejaa kanuni. Mimi nilikuwa na siku nne tu tangu nitoke hospitali, sikuweza kuhudhuria na kuuliza maswali. Kama ningehudhuria, haya yasingetokea. Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Mwanga. Kanuni ya kwanza inasema jua hupausha rangi. Sipingi. Lakini vitambaa viko chumbani, ndani ya sanduku, ndani ya shuka. Kwa nini basi sebule yangu imewekewa mapazia mawili mawili, na saa nne asubuhi napapasa ukuta kutafuta kikombe? Nikilifungua pazia kidogo niwaone wapita njia, naambiwa vitenge vitapauka. Nikiuliza vitapaukaje huko viliko, naambiwa mwanga hutembea. Mama Mwenyekiti, nimefundisha miaka thelathini na moja. Najua mwanga hutembea. Haukati kona.

2. Moshi. Naambiwa kitambaa hufyonza moshi na harufu yake haitoki hata ufue mara saba. Jiko la mkaa likahamishwa kutoka ukumbini hadi nyuma ya choo, karibu na mpaka wa jirani. Chai inapikwa mbali sana, ikifika kwangu imeshakata tamaa.

3. Mahindi na jembe. Hili nitalieleza kwa kirefu kwa sababu linagusa heshima yangu. Kaka yangu Emanueli wa Itaka alituletea magunia matatu, kama afanyavyo kila mwaka. Kila mwaka mimi ndiye huyabeba mgongoni hadi ndani, na majirani huniona. Safari hii Loisi alisimama mlangoni akasema fukusi watatoka kwenye gunia, watapanda shati langu, nami nitawaingiza kwenye vitambaa. Magunia yakabebwa na watu wengine, yakawekwa kwa Jastin, jirani yetu, na sasa nikitaka kula mahindi yangu naomba kwa Jastin. Jembe nalo limefungiwa kwa sababu ya vumbi. Bustani yangu ya mboga imeota majani mpaka kuku anapotea humo. Nilipodondosha kofia wiki iliyopita nilikatazwa hata kuinama kuiokota, eti nikiinama nitapuliza vumbi la sakafuni lipande juu. Viatu vyangu vinakaa kwenye stuli. Sijui kama mmewahi kumwona mzee wa kanisa anavalishwa viatu kama mtoto wa chekechea. Jastin ameona.

4. Mashati. Bana Chanda alifundisha kwamba mbao na bati huunguza kitambaa polepole, kikatoa madoa ya kahawia, na kwamba dawa yake ni kutandika ndani ya sanduku kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa mara nyingi. Mashati yangu meupe ya pamba yaliyofuliwa mara nyingi yalikuwa matatu. Sasa sina.

5. Kupima. Hapa naomba Kamati ya kundi lenu isome taratibu, maana kosa lenyewe ni la lugha na mimi ni mtu wa lugha. Bana Chanda huchanganya Kibemba na Kiswahili, kama tufanyavyo wote huku mpakani. Alipokataza mifuko ya nailoni alisema vitambaa ni lazima "vipeme". Kila mtu aliyewahi kuvuka kwenda kununua sukari Nakonde anajua kwamba kupema kwa Kibemba ni kupumua. Yaani vipate hewa, basi. Mke wangu aliandika "vipimwe".

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, vitambaa vyote mia mbili na kumi na viwili hupimwa. Nanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Naketishwa kwenye kiti chenye mgongo ulionyooka. Napewa ncha ya futi kamba, aliyoishonea mafundo ya uzi, yeye anashika ncha ya pili, nami nasoma urefu kwa vidole na kuutaja kwa sauti, yeye anaandika. Halafu tunakikunja upya kwa mstari mwingine, kwa sababu mkunjo ukikaa mahali pamoja hukata nyuzi. Nimeshamweleza tofauti ya kupema na kupima mara sita, pamoja na mifano. Ananiitikia vizuri sana, na Jumamosi inayofuata futi kamba inatoka. Kwa taarifa ya Kamati, katika wiki zote hizi hakuna kitambaa kilichokua. Kimoja, kile cha kijani chenye picha za kahawa, kilionekana kupungua vidole viwili, tukakipima mara nne mpaka saa kumi na moja jioni, kumbe mimi ndiye nilikivuta vibaya. Nalitaja hili kwa sababu ya ukweli tu, si kwamba nililifurahia.

6. Chakula. Makombo huita mende. Nakula barazani. Nalifupisha hili kwa kuwa la saba linanisubiri.

7. Kitanda. Mama Mwenyekiti, daftari linasema kitambaa kisirundikwe kwa uzito, kilazwe kikiwa kimenyooka, mbali na sakafu, mahali pasipo na unyevu. Mahali pa namna hiyo nyumbani kwangu ni pamoja tu. Siku ileile semina ilipokwisha nilikuta upande wangu wa kitanda, upande wa ukutani, vimelala vitenge vya sare za kwaya, vimefunikwa shuka, vimetulia. Mimi nikaelekezwa kwenye kochi la sebuleni. Kochi lenyewe ni jembamba, nimewekewa mito mitatu chini ya kichwa, siwezi kugeuka kulia wala kushoto, nalala nimetazama dari kama mtu anayesubiri kuagwa. Loisi hulala ukingoni mwa kitanda, kuvilinda.

Nilimuuliza ana kwa ana, kati yangu na vitenge, nani anastahili kulala pale. Akasema, "Vitenge vikiharibika havitibiki, Mwalimu." Ameandika hivyo hivyo alivyosema, nashukuru.

Sasa niseme lililo moyoni bila kuzunguka. Naumia. Tangu tufunge ndoa hatujawahi kulala vyumba viwili, isipokuwa alipokwenda kujifungua na nilipokwenda kusimamia mitihani Ivuna. Siijui nyumba yangu mwenyewe bila kumsikia mtu anavuta shuka upande wa pili. Natamka maneno haya mbele yake na uso umeniiva, lakini Kamati ni lazima ijue kinachodaiwa hapa si kitanda cha mninga. Namdai mke wangu.

Nilijaribu njia za amani. Nilipendekeza vitambaa vipelekwe kwa mjumbe mwingine, nikaambiwa wengine wote wana panya. Nilipendekeza tununue kabati, nikaambiwa mbao zina madhara, rejea namba 4. Nikafikiria kwenda kwa Emanueli Itaka mpaka mambo yapoe, nikaambiwa basi lina vumbi, nami nitarudi nalo.

Ndipo nilipokaa nikatafakari kama msomi. Katika nyumba hii kuna viumbe wa aina mbili. Wa kwanza hukingwa jua, hukingwa moshi, hawawekwi sakafuni, hawalundikiwi mizigo, hugeuzwa mara kwa mara, na hulala kitandani. Wa pili ni mimi. Hakuna kifungu chochote katika kanuni za Bana Chanda kinachosema kitambaa ni lazima kiwe kimefumwa. Kinachotakiwa ni kiwe cha asili, kiwe na thamani kwa kundi, na kiwe katika hatari ya kuharibika. Nina miaka sitini na saba. Nimefuliwa mara nyingi. Nimepauka kichwani. Nina mikunjo ya kudumu usoni kwa sababu sikukunjuliwa mapema. Na tangu wiki tano zilizopita nina kiraka jichoni.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba yafuatayo:

(a) Niandikishwe katika daftari la vitambaa kama namba 213. Maelezo yawe hivi: "Osea, pamba nzito, rangi imefifia, imara, ina kiraka kimoja." Mwandishi amecheka hapa na kuchafua karatasi kwa wino, naomba radhi kwa niaba yake.

(b) Baada ya kuandikishwa, nipewe haki zote za kitambaa, kuanzia ya kulazwa kitandani nikiwa nimenyooka. Sina pingamizi la kupimwa.

(c) Kama Kamati itaona mimi si kitambaa, basi itoe amri ya maandishi, yenye muhuri, kwamba vitambaa vyote mia mbili na kumi na viwili viondoke nyumbani kwangu kabla ya Jumapili hii, virudi stoo ya kanisa. Panya wa pale wanajulikana. Kila mtu abebe msalaba wake.

(d) Kama (a) na (c) zote zitashindikana, Bana Chanda aitwe tena, atamke neno "kupema" mbele ya mashahidi, polepole, mara tatu.

Nasisitiza kwamba amri lazima iwe ya Kamati. Mke wangu nimemwambia, hakusikia. Mimi ni mtu wa taratibu, na nimegundua yeye pia siku hizi ni mtu wa taratibu. Kikitamkwa na mtaalamu anatii. Kikitamkwa na mumewe, kinasubiri Jumamosi.

Naomba unifikishie salamu zangu kwa Mchungaji na familia yake, kwa akina mama wote wa kundi, kwa kwaya ambayo sare zao zinalala vizuri kuliko mimi, kwa Bana Chanda ukivuka upande wa pili, na kwa mzee wako nyumbani, ambaye nasikia bado ana kitanda. Mwambie akitunze.

Ni mimi, nisiye na mahali pa kulaza ubavu lakini bado mwenye imani na Kamati yenu,

Osea Simwinga
(saini yangu mwenyewe, nimeelekezwa mahali pa kuiweka)

Tanbihi. Mama Mwenyekiti, shikamoo. Sasa ni mimi Loisi. Mwalimu ameshatia saini na amekwenda kukaa barazani kivulini. Nimeandika yote aliyotamka, hata yaliyonichoma, sikuongeza wala kupunguza. Haya ya chini ni yangu.

Bana Chanda hakusema lolote kuhusu kitanda. Wala kuhusu jiko la mkaa, wala jembe, wala kofia iliyodondoka, wala magunia ya Emanueli. La mashati ni kweli, nitamnunulia mengine. Vitambaa vingekaa salama kabisa ndani ya sanduku lililotandikwa, juu ya matofali mawili, na ndimo vilimo vingine vyote hadi leo, isipokuwa hizo sare za kwaya.

Tulipotoka Mbeya tulipewa karatasi. Asikae kwenye mwanga mkali. Asikae kwenye moshi wala vumbi. Asibebe mzigo, asiiname, anawe mikono, asilalie upande wa kulia, jicho lisigongwe kwa wiki saba. Nilimsomea Mwalimu herufi kwa herufi, akaniagiza nisahihishe makosa ya Kiswahili kwa kalamu nyekundu, akasema mtu asiyejua kuandika "asiiname" hawezi kumfundisha namna ya kuishi. Siku ya pili nikamkuta bustanini na jembe. Siku ya tatu akasogeza gunia la mkaa. Mimi nilisema mpaka sauti ikanikauka. Daktari aliongea naye kwa simu, akamjibu ndiyo, ndiyo, akakata, akaenda juani kusikiliza redio. Kule kitandani mimi ndiye hatari yenyewe, maana nikilala narusha mikono, na niliwahi kumtoa damu puani nikiwa usingizini. Kwa heshima yake hilo hakulitaja. Nikamwambia ahamie sebuleni, akasema mwanamume hafukuzwi kitandani na jicho.

Halafu nikaenda semina. Niliporudi nikamwambia mtaalamu kutoka nje ya nchi ameagiza vitambaa visipate mwanga. Akainuka mwenyewe akafunga pazia. Basi nikaendelea na kanuni.

Kupema nakujua, Mama. Nimezaliwa Nakonde. Ila kuna Jumamosi ile ya kwanza alikaa kitini tangu asubuhi, hawezi kusoma, hawezi kulima, akaniuliza hivi mimi sasa nina kazi gani. Nikaenda kuchukua futi kamba.

Amri msiitoe. Zimebaki wiki mbili, na mimi mwenyewe nazihesabu, maana hata huo ukingo wa kitanda ninaolala una baridi. Mjibuni tu kwa karatasi yenye muhuri kwamba barua yake imepokelewa na suala lake linashughulikiwa. Mnajua namna ya kuliandika. Jibu nitamsomea mimi.